Kilichoanguka ni Chako

Dukani kwa Fundi kulikuwa na sheria moja tu, na haikuandikwa popote: kilichobaki mezani ni cha Fundi, kilichoanguka chini ni cha Mama Vipande. Wateja wote waliijua. Wengine walitania kwamba mtu akijikwaa mle ndani ainuke upesi, asije akashonwa kipochi.

Fundi alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Alishona magauni, na suruali za wanaume wenye subira. Wasio na subira aliwafukuza siku ile ile ya kupimwa. Mama Vipande alikuwa wifi yake, mjane wa mdogo wake Fundi. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini mtaa ulishalisahau, na yeye mwenyewe akiitwa kwa jina hilo alichelewa kuitika.

Namna alivyoingia dukani inachekesha, kwa anayependa kucheka. Msiba wa mumewe ulipokwisha na watu kutawanyika, alikwenda kumrudishia wifi yake mkasi. Akaambiwa aketi kidogo, akaketi. Kesho yake akarudi bila mkasi, akaketi pale pale, kwenye kigoda kilichokuwa kati ya mlango na meza ya pasi. Hakuna aliyemkaribisha na hakuna aliyemfukuza. Alipozidi kukaa, Fundi, ambaye hakuweza kuvumilia kuona mikono ya mtu imelala, alimsukumia kwa mguu rundo la mabaki lililokuwa chini ya meza.

"Fanya kitu, wifi. Unanikalia kama askari."

Hapo ndipo sheria ilipozaliwa.

Watu hudhani kushona vitu vidogo ni kazi ya kupotezea wakati. Basi wajaribu. Gauni lina nafasi ya kuficha kosa. Mshono ukienda upande kidogo, mwenye gauni anatembea, nani ataona? Kipochi cha funguo hakina pa kuficha kitu. Mama Vipande alijifunza hilo kwa kufumua na kushona upya, mwaka wa kwanza wote, huku Fundi akimwangalia kwa jicho la pembeni na kuguna.

Alikuwa na utaratibu wake. Mabaki aliyafua kwanza, ili kinachochuja rangi kichuje kwenye beseni na siyo kwenye begi la mtu. Kisha aliyapiga pasi. Kisha aliyatenga kwa uzito, si kwa rangi, kwa sababu rangi ukizilazimisha zitapatana, lakini kitambaa kizito ukikiunga na chepesi, kizito hukivuta chenzake mpaka kikunjamane. Vile vya kuteleza alivipiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikizia tu, ndipo avishone kwa mkono. Alikata kwa kufuata vielelezo alivyovitengeneza kwa maboksi ya maziwa. Na vile vidogo vya mwisho kabisa, pamoja na nyuzi, viliingia kwenye mfuko wa kujazia vimto vya pini. Pipa la taka la duka lilikuwa safi kiasi kwamba mtu angeweza kuhifadhia unga.

Fundi naye alikuwa na desturi yake. Kila alipomkatia gauni mteja ambaye mwili wake haukai mahali pamoja, alitunza kipande cha akiba. Alikikunja, akakifunga kwa ukanda wa kitambaa hicho hicho, akakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Vya msumarini havikuguswa na mtu. Hata Mama Vipande, ambaye jicho lake lilikuwa na njaa ya vitambaa, alivipita kama hakuviona.

Sasa, kulikuwa na Mwalimu. Alikuwa mwanamke mnene, wa kicheko kikubwa, aliyekuwa anakaribia kuagwa kazini baada ya miaka mingi ya kuwapigia kelele watoto wa watu. Alileta kitambaa cha gauni la siku hiyo: kijani kilichoiva, chenye vitone vya njano, laini, cha kukaa mwilini bila kubembelezwa. Alikinunua cha mwisho kwenye jora, na muuzaji alimwambia kingine hakiji. Mama Vipande alipokiona kinatolewa kwenye mfuko alimeza mate.

Siku kilipokatwa, Fundi alitenga akiba, akaikunja, akaiweka ukingoni mwa meza. Kabla hajaifunga, mteja mwingine akamwita nje ili amwonyeshe kola iliyokuwa inamkaba. Feni ilikuwa inageuza shingo huku na huku. Ilipofika upande wa meza, kile kipande kikafunguka, kikateleza, kikaanguka miguuni pa Mama Vipande.

Hapa tuseme ukweli. Mama Vipande alijua. Kipande cha urefu wa mkono mzima hakiwezi kuitwa mabaki, na yeye alikuwa ameona kikikunjwa. Lakini alikitazama pale chini, kikiwa chini kweli kweli, akajiambia sheria ni sheria. Akakiweka chini ya paja, kisha kwenye mfuko. Fundi aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, akiwa bado anamsengenya mwenye kola. Hakukiulizia. Mama Vipande alingoja aulizwe. Angeulizwa angekitoa, kwa hilo tumwamini. Siku ikapita, na nyingine, na hakuulizwa.

Basi akashona. Kipande kikubwa akakifanya uso wa foronya ndogo, ya mto wa kiti chake cha nyumbani. Kilichofuata kwa ukubwa akakishona kipochi cha funguo, akampa kinyozi wa duka la jirani, ambaye humsalimia kila asubuhi bila kukosa. Kilichobaki, cha ukubwa wa kiganja, akakifanya kimto cha pini chenye mpira wa kuvaa mkononi, na hicho akampelekea Fundi mwenyewe. Kwa nini alifanya hivyo hata yeye hakuweza kueleza vizuri. Huenda alitaka kukiri kwa mlango wa nyuma: Fundi akitambue kitambaa, apige kelele, yaishe.

Fundi alikivaa, akakichoma pini tatu nne kukijaribu, akasema, "Leo umetumia akili." Basi. Tangu siku hiyo kilikuwa mkononi mwake kuanzia kufungua duka mpaka kufunga.

Sherehe ya Mwalimu ikaahirishwa, mara kwa sababu hii, mara kwa sababu ile. Gauni likakaa kabatini kwake, na yeye akakaa mezani kwake. Tarehe ilipotimia hatimaye, alikuja dukani kujaribu, akaingia nyuma ya pazia, na baada ya muda sauti ikatoka humo.

"Fundi, kabati langu linapunguza nguo."

"Toka tukuone."

Akatoka. Zipu ilikuwa imefika nusu ya njia ikagoma, na pembeni kwenye mbavu mshono ulikuwa unalia.

"Kabati halina kosa," Fundi alisema. "Kosa ni la sahani. Usijali, nina akiba yako. Nitakuongezea huku na huku, hutajua. Unaagwa lini?"

"Jumamosi."

"Ijumaa uje uchukue."

Mwalimu akaenda zake amefurahi. Fundi akaenda nyuma ya mlango, akashusha vya msumarini vyote, akavitazama kimoja kimoja. Akavirudisha. Akafungua kabati. Akainua meza ya pasi. Akapekua hata mfuko wa vifungo, ambamo kipande kile kisingeingia hata kwa kusokomezwa. Mama Vipande alikuwa kwenye kigoda, ameinamia sindano, anashona mshono ambao tayari alikwisha kuushona. Na mbele yake mkono wa Fundi ulikuwa unakwenda juu na chini kwenye rafu, na kwenye mkono ule kimto cha kijani chenye vitone vya njano.

Fundi aliambulia patupu. Akakaa kwenye kiti cha wateja, kiti ambacho hakuna aliyewahi kumwona akikikalia, akashika tama.

"Nimeanza, wifi," alisema.

"Umeanza nini?"

"Kama mama."

Mama Vipande hakuhitaji kufafanuliwa. Mama yao, mkwewe, alianza kwa kupoteza mwiko wa jikoni, akafuatisha na njia ya kurudi nyumbani, na mwisho alikuwa akimwita Fundi dada na kumuuliza binti yake atakuja lini. Wao wawili ndio waliomwogesha kwa zamu mpaka mwisho. Fundi ndiye aliyekuwa akitoka chumbani mwake na kusimama uani, kimya, kabla ya kumwaga maji ya kuogea.

"Akiba niliikata, hilo nakumbuka," Fundi aliendelea. "Niliikunja. Baada ya hapo sioni kitu. Naona giza tu. Na juzi nimeshona mkono wa blauzi ndani nje. Umeona?"

"Mbona hata mimi huwa nashona ndani nje."

"Wewe hushoni nguo za watu, wewe unashona vipochi!"

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, maneno yalikuwa mdomoni. Mama Vipande akasema, "Labda panya," akajichukia kabla hajamaliza kulitamka neno lenyewe.

Alichokuwa anaogopa kilikuwa kigoda. Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba viwili na redio, na redio ile alikwisha kuizoea kiasi kwamba alikuwa anaijibu. Dukani kulikuwa na kelele za cherehani, wateja, masengenyo, na mtu wa kumgunia. Wifi yake hakuwa mtu wa kusamehe wizi. Aliwahi kumfukuza msaidizi aliyeficha vifungo, na msaidizi yule hadi leo akipita barabara ile huvuka upande wa pili. Mama Vipande alijiona naye akivuka upande wa pili.

Kesho yake Fundi alikuwa mtu mwingine. Alichomoa pasi, akarudi kuhakikisha ameichomoa, akarudi tena. Alimpima mteja mmoja kifua, akamwomba ampime upya kwa kuwa hakuiamini namba aliyoisoma. Mchana akaizima cherehani yake, akazungusha kiti.

"Nitamaliza zilizopo," alisema, "halafu nafunga. Nguo za watu si za kuchezea. Bora niondoke wakiwa bado wananisifu."

"Unafunga duka kwa sababu ya kipande kimoja?"

"Mama alianza na mwiko mmoja."

Mama Vipande akainuka, akasema anakwenda nyumbani, kichwa kinamuuma. Hakikuwa kinamuuma kichwa. Alipita kwanza kwa kinyozi.

"Kile kipochi nakitaka."

Kinyozi alikuwa na kichwa cha mtu mkononi. "Mama, zawadi nayo inarudi nyuma?"

"Hii inarudi. Nitakupa kingine, kizuri zaidi."

"Mna funguo humo."

"Zitoe."

Akazitoa, huku mteja mwenye nusu ya nywele akiwasubiri. Kipochi kilinuka mafuta ya nywele. Nyumbani Mama Vipande alikaa dirishani palipo na mwanga, akachukua wembe, akaanza kufumua. Kufumua kazi ya mkono wako mwenyewe kunauma, asikudanganye mtu. Alikuwa ameishona foronya ile kwa mishono ya karibu karibu, isiyoonekana, na sasa kila mmoja ulimgomea. Alivifua vile vipande, akavianika, akavipiga pasi kabla havijakauka kabisa ili alama za sindano zizibike.

Asubuhi alijikaza kisabuni, akaingia dukani, akavitandaza mezani mbele ya Fundi bila hata salamu.

"Akiba ya Mwalimu," alisema. "Niliichukua mimi. Feni iliiangusha ukiwa nje, nikaiona, nikanyamaza. Hukusahau kitu, wifi. Ni mimi."

Fundi alivitazama. Akavigusa kwa kidole, kimoja kimoja. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akashikilia meza, machozi yakamtoka, na mpita njia mmoja akachungulia kujua kuna nini.

"Kumbe nimeibiwa!" alisema. "Mungu wangu, kumbe nimeibiwa tu!"

Hakuna mtu aliyewahi kufurahia kuibiwa namna ile. Alijifuta macho, akamshika Mama Vipande bega, akalitikisa. Kisha furaha ilipopungua hasira ikapata nafasi yake, akampa ya uso: mwizi, mwenye jicho la paka, mtu aliyemwacha akeshe anahesabu dalili za wazimu wakati dalili zimekaliwa kwenye kigoda. Mama Vipande alisimama akazipokea zote. Alizistahili, na alikuwa ameshafikiria mbaya zaidi.

"Utanifukuza?"

"Nikufukuze uende wapi? Lete gauni."

Wakalitandaza. Fundi akafumua pembeni, akapachika vipande huku na huku, akivuta pini mkononi mwake na kuzichoma, akivuta na kuchoma. Mikono yake ilikuwa imerudi kuwa yake. Upande wa kulia ukatosha. Upande wa kushoto, kwapani, pakabaki pengo.

"Hapa pamepungua," alisema. "Kuna kipande kingine, kama kiganja hivi. Kiko wapi?"

Na alipokuwa akiuliza alichomoa pini nyingine kutoka kwenye kipande hicho hicho, mkononi mwake.

Mama Vipande alikitazama kimto. Kilikuwa kati yao, kijani, vitone vya njano, mwanga wa mlangoni umekiangukia. Fundi alikuwa anakitazama pia, kwa sababu macho yake yalikuwa yanatafuta kichwa cha pini. Mtu hutafuta miwani iliyo juu ya kichwa chake, Mama Vipande alijiambia, ni jambo la kawaida. Lakini mtu akiivaa wiki nyingi? Akiitazama? Alikuwa ametoka kusema ukweli sasa hivi, na ukweli ule ulikuwa umempa wifi yake kicheko ambacho hakukisikia tangu kabla ya msiba.

"Nilikitupa," alisema.

"Umekitupa? Wewe?"

"Kilichanika."

"Mtu asiyetupa hata uzi!" Fundi akatikisa kichwa. "Haya. Tutakula kwenye pindo. Kwapani hapaonekani, labda aanze kupungia watu mkono."

Ijumaa Mwalimu alichukua gauni lake, zipu ikapanda hadi juu. Jumapili mtaa wote ulisimuliwa kwamba alipungia watu mkono, tena sana, na hakuna aliyeona kitu.

Sheria ikabadilishwa. Ilikuwa adhabu, na Fundi aliitangaza mbele ya wateja ili iume: kuanzia sasa kikianguka kitu, Mama Vipande asikitie mfukoni kabla hajakiinua juu na kuuliza, kwa sauti, hiki cha nani. Wateja walicheka. Mama Vipande alikubali bila kubisha, jambo lililomshangaza Fundi kidogo.

Wiki hiyo hiyo alishona kimto kingine, cha buluu, akasema cha zamani kimechakaa. Fundi alinyoosha mkono bila kuondoa macho kwenye mshono, akavuliwa kile, akavishwa hiki. Mama Vipande alitamani sana aulizwe kile cha kijani kinakwenda wapi. Hakuulizwa. Alikipeleka nyumbani, akakitia kwenye kopo la chai, na hakukifumua.

Basi ikawa hivyo. Kipande kikianguka, anakiinua.

"Hiki cha nani?"

"Sketi ya Nesi. Chukua."

"Na hiki?"

"Mapazia ya yule mwenye duka la dawa. Chukua, hata mezani vipo vingine."

Wateja walidhani bado ni adhabu, na Fundi pia alidhani hivyo. Mama Vipande peke yake ndiye aliyekuwa anasikiliza jibu. Alisikiliza kama linakuja mara moja au linachelewa, na likichelewa alianza yeye, polepole, "Si cha ile sketi..." na Fundi angedakia, "Ya Nesi, najua, mimi mtoto?" Miezi mingi majibu yalikuja vizuri. Siku nyingine yalikuja kwa haraka na matusi juu yake, na siku hizo Mama Vipande alishona kwa raha.

Halafu asubuhi moja, mvua ikinyesha, hakuna mteja, Fundi alikuwa anakata suruali ya kijivu ya kinyozi. Kinyozi mwenyewe alikuwa ametoka kupimwa, hata kiti alichokalia kilikuwa bado na majimaji. Ukanda wa kijivu ukaanguka. Mama Vipande akauinua.

"Hiki cha nani, wifi?"

Fundi aligeuka, akakitazama kwa uso mwema, uso laini ambao hakuwa nao siku zote.

"Hicho? Si cha mdogo wangu?" alisema. "Suruali yake. Usikichukue hicho. Mwekee, atakipitia jioni akitoka kazini."

Kisha akageukia mkasi wake, akaendelea kukata, mstari ulionyooka kabisa.

Mama Vipande alisimama na kile kitambaa mkononi. Mdogo wake Fundi alikuwa ni mumewe, na alikuwa na miaka saba ardhini. Nje mvua ilikuwa inapiga bati.

"Sawa, wifi," alisema.

Akakikunja kile kipande vizuri, akakata ukanda mwembamba wa kitambaa hicho hicho, akakifunga. Akaenda nyuma ya mlango, akakitundika kwenye msumari.